Farasi Hakufika Bilele, Ila Kamari Yake Ilifika

Tangu nirudi Nairobi, vijana wenzangu wa Bilele wananiuliza swali moja tu: kwenye zile mbio za farasi nilipata shilingi ngapi? Nitajibu. Lakini naomba kwanza tupite kwenye historia kidogo, maana hesabu ya farasi wa Nairobi ni ndugu wa damu wa hesabu ya mikeka inayochanika kila wikiendi hapa Bukoba.

Tuanze na farasi mwenyewe. Hapa kwetu mtu anaweza kuzaliwa, akasoma, akaoa na kupata wajukuu bila kumwona farasi ila kwenye picha. Ng'ombe tunao, mbuzi tunao, farasi hapana. Sababu kubwa ni mbung'o. David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alionyesha huko Zululand katika miaka ya 1890 kwamba mdudu huyu ndiye anayeeneza nagana, ugonjwa unaoua ng'ombe, na farasi ndio hawauwezi kabisa. Kwa hiyo farasi walipata nafuu kwenye nyanda za juu zenye baridi za Kenya, kulekule ambako walowezi walijitwalia ardhi. Walowezi hao walianzisha chama cha mbio za farasi mapema kabisa, mwaka 1903, na Nairobi ilikuwa haijatimiza hata miaka 5 tangu reli ifike.

Uwanja wa zamani ulikuwa upande wa mashariki wa mji, karibu na Kariokor. Bado kuna barabara inaitwa Racecourse Road, ingawa mbio zilihamia Ngong Road mwaka 1954. Vita vilipoanza mwaka 1914, walowezi walikusanyika kwenye uwanja ule wakiwa na farasi wao, wakaunda kikosi cha wapanda farasi, na mwezi Novemba mwaka huohuo wakapigana na Wajerumani Longido. Halafu mwaka 1916 Jenerali Smuts akaingiza maelfu ya farasi Tanganyika. Mbung'o waliwamaliza. Mizigo ikahamia kwenye vichwa na migongo ya Waafrika, na wapagazi zaidi ya 40,000 wa upande wa Waingereza walikufa, wengi kwa njaa na maradhi. Jina Kariokor limetokana na Carrier Corps, kikosi chao. Msomaji wangu, ukipita mtaa ule ujue kwamba uwanja wa farasi na jina la wapagazi viko jirani, na wala si kichekesho.

Sasa tuje Ngong. Ni uwanja mzuri, miti mingi, familia zimekaa kwenye nyasi, watoto wanakimbia huku na huku. Hapa ndipo alipoishi Beryl Markham mpaka alipofariki mwaka 1986. Dunia inamjua kwa kurusha ndege peke yake mwaka 1936 kutoka Uingereza kuvuka Atlantiki kwenda magharibi, lakini Nairobi walimjua kwanza kama mwanamke wa kwanza Kenya kupata leseni ya kufundisha farasi wa mbio. Derby ya Kenya, mbio za mita 2,400, farasi wake waliishinda mara 6.

Kabla ya kila mbio farasi huzungushwa polepole ili watu wawatazame. Nilimsogelea mzee mmoja saisi, nikamwuliza kwa adabu, "Mzee, yupi anashinda hapa?" Akanitazama, akacheka. "Kijana, ningekuwa najua, ningekuwa bado nafagia zizi?"

Niliweka shilingi 100 za Kenya kwa kila mbio, mbio 8. Farasi mmoja tu alinijibu, nikalipwa 420. Hivyo nilitoa 800, nikarudi na 420. Zile 380 ni bei ya kiingilio cha furaha, na nilikuwa nimeshazitoa moyoni kabla ya kuondoka.

Lakini tazameni hesabu yenyewe. Mwaka 1867 Joseph Oller wa Paris alibuni mfuko wa pamoja: madau yote yanatiwa chungu kimoja, mwenye mchezo anachukua chake kwanza, kinachobaki wanagawana waliopatia. Tuseme watu 100 wameweka 100 kila mmoja. Zimekuwa 10,000. Mwenye chungu akikata 20 kwa mia, zinabaki 8,000. Watu haohao wakirudisha zote mbio ya pili, zinabaki 6,400. Wakiendelea hivyo mpaka mbio ya 8, umati mzima unagawana chini ya 1,700. Hakuna aliyeibiwa, na hakuna farasi aliyepewa dawa. Ni hesabu tu.

Njia ya pili ni ya kutangaza bei ya kila farasi. Harry Ogden ndiye anayetajwa kuianza huko Newmarket, Uingereza, katika miaka ya 1790. Hiyo ndiyo "odi" tunayoisoma leo kwenye simu. Timu mbili zenye nguvu sawa zingepaswa kulipa mara 2, lakini utaandikiwa 1.9. Ile 0.1 ndiyo mshahara wa mwenye mchezo, kwenye kila mechi. Na hata kuunganisha matokeo mengi kwenye dau moja kulizoeleka kwenye farasi kabla ya kufika kwenye mpira. Unganisha mechi 10 za namna hiyo, ile 5 kwa mia inajizidisha yenyewe: karibu 40 kwa mia ya thamani ya dau lako imeshaondoka kabla refa hajapuliza filimbi. Wadau, mkeka mrefu ndio mtamu kwa macho, na ndio ghali kuliko yote.

Sheria ya mwaka 2003 ilitupa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na kuruhusu mambo haya yaendeshwe kwa leseni. Sina ugomvi na leseni. Ninachosema ni kwamba Ngong kuna nusu saa kati ya mbio na mbio, kuna jua, kuna mnyama wa kutazama, na jioni lango linafungwa. Kwenye simu ya kijana wa Bilele hakuna lango. Saa nane usiku kuna mechi mahali fulani duniani, na hela ya kodi ya chumba iko palepale kwenye simu.

Mbung'o walimzuia farasi asifike kwetu. Hesabu yake imefika bila farasi, na haina mbung'o wa kuizuia. Mwenye mkeka mkononi, pigia kalamu ile 0.1 kwanza, halafu ndiyo uangalie majina ya timu.

Nawasilisha.