Watoto wa Pwani Mbili na Televisheni Yao

Wakikutana watu wa makamo wa visiwani kwetu, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye televisheni ya utotoni mwao. Hutajwa vipindi, huigizwa sauti za vikaragosi, na mmoja akianza wimbo wa kufungulia, wengine humpokea. Hamu hiyo ni ya dunia nzima. Ila kwetu sisi ina historia yenye mkondo wake, nayo yafaa iandikwe kabla walioishuhudia hawajatutoka.

Unguja ilipata televisheni mwaka 1973, tena ya rangi. Afrika Kusini, pamoja na utajiri wake wote, ilianza matangazo yake rasmi Januari 1976. Tanzania Bara ilikaa hadi 1994, kwani serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa ni anasa ya wachache wa mijini. Kwa miaka 21, basi, mtoto wa Ng'ambo alikuwa na kitu ambacho mwenzake wa Dar es Salaam hakuwa nacho, isipokuwa yule ambaye wazee wake waliweza kusimamisha mlingoti mrefu juu ya paa na kuyanasa matangazo yaliyovuka bahari.

Seti zenyewe hazikuwamo katika kila nyumba. Nyingine ziliwekwa hadharani, na watu wakakusanyika. Jaws Corner, ile barza mashuhuri ya Mji Mkongwe, husimuliwa kuwa imepata jina lake kutokana na filamu ya papa ya mwaka 1975 iliyotazamwa pale na umati. Waama, wengi wanaodai kukikumbuka kipindi fulani huwa wanaukumbuka umati: nani alikaa mbele, nani alifukuzwa kwa kelele, nani alibebwa mgongoni kurudi kwao amelala.

Na tuseme kweli: vilivyobaki vichwani mwa watoto wale havikuwa vya watoto peke yake. Mtoto alikaa mkekani miguuni pa wakubwa, akatazama alichokitazama babu yake, iwe taarifa ya habari, mchezo wa kuigiza au taarab. Beti za taarab alizihifadhi kabla hajajua kilichofichwa ndani yake. Na mkubwa aliyeulizwa maana alikohoa tu, akaomba maji ya kunywa. Sijui skuli gani ya ushairi iliyopata kuwa na wanafunzi wengi kuliko hiyo, ingawa hakuna aliyeianzisha kwa nia hiyo.

Pwani ya pili hadithi ni nyingine. Baada ya Mapinduzi ya 1964, na zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika hatamu mwaka 1970, familia nyingi za Kizanzibari zilihamia Oman, ambako televisheni ilianza Novemba 1974. Watoto wao walizungumza Kiswahili na bibi zao nyumbani, wakakutana na Kiarabu mlangoni. Mwaka 1979 kikaja Iftah Ya Simsim, kipindi kilichotengenezwa Kuwait kwa mfano wa Sesame Street ya Marekani, iliyoanza 1969. Humo mlikuwa na Nu'man, kikaragosi mkubwa, na Melsoun, kasuku mwenye maneno mengi. Watungaji walichagua Kiarabu fasaha badala ya lahaja, ili mtoto wa Maskati na wa Kuwait wafahamu sawasawa. Katuni za Kijapani nazo zilitiwa sauti kwa ufasaha huohuo; ile ya Hayao Miyazaki ya mwaka 1978, Waarabu waliyoiita Adnan wa Lina, haina mtu wa rika lile katika Ghuba asiyeijua.

Kwa mtoto wa Kizanzibari uamuzi huo ulikuwa na heri yake. Lahaja ya mtaani ilikuwa na wenyewe, nao waliweza kumcheka matamshi. Fasaha haikuwa lugha ya nyumbani kwa mtoto yeyote; mbele yake wote walikuwa wanafunzi. Lakini katika vikaragosi wote wale hakuna aliyesema Kiswahili hata neno moja. Kikabaki lugha ya bibi, ya jikoni, na ya barua za kwenda Unguja. Nadhani wapo wajukuu wanaokisikia leo wasiweze kukijibu, na sababu zake ni nyingi. Kioo kile ni mojawapo.

Uvamizi wa Iraq nchini Kuwait, Agosti 1990, ulikikatiza kipindi hicho, nacho hakikurudi ila mwaka 2015, safari hii kutoka Abu Dhabi. Mwaka mmoja kabla, Januari 2014, TBC1 ilianza kuonyesha Ubongo Kids, katuni zilizotungwa Dar es Salaam, ambamo wanyama na watoto hufumbua hesabu kwa nyimbo za Kiswahili. Watoto wa Unguja wanazijua. Wengi huzitazama kwenye simu ya mama, mmoja mmoja, na wimbo ukimpendeza mtoto huurudisha nyuma mara kumi bila ya kumngoja mtu.