Ngoma za Wagogo: Kutoka Uwanjani Hadi Picha za Mtandao

Hapo kale ngoma katika nchi ya Wagogo ilikuwa na majira yake na wenyewe. Ngoma za muheme zilipigwa na wanawake, wakizibana katikati ya magoti. Nyimbo za jando zilikuwa na wakati wake. Ilimba na izeze vilifuatana na sauti za waimbaji. Makala haya yataka kueleza jinsi ngoma hizo zilivyotoka uwanjani, na kilichopotea njiani.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mitambo ya kunasa sauti, akanasa na muziki wa Wagogo. Tangu hapo sauti iliweza kusikika mpigaji asipokuwapo. Lakini santuri ilichukua sauti tu. Uwanja, mavazi na mwendo wa miili vilibaki nyuma.

Hatua ya pili ni ya jukwaani. Katika miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma, fundi wa ilimba na izeze. Baadaye Zawose alifundisha katika Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, na mwaka 1996 santuri yake iitwayo Chibite ilitolewa Uingereza. Alifariki mwaka 2003, jina lake likijulikana mbali sana na Ugogo.

Hatua ya tatu ndiyo yetu. Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, na YouTube ikazaliwa mwaka 2005. Leo ngoma iliyochezwa Chamwino yaweza kutazamwa Muscat au London kabla vumbi halijatulia. Sasa mwenye simu hahitaji kumngoja mgeni mwenye mitambo, ajinasia mwenyewe. Hiyo ni faida kubwa.

Hata hivyo, picha ikipewa jina la “ngoma ya asili” tu, huwa kama gunia lisiloandikwa kilichomo. Atafutaye muheme, nindo au msunyunho hataupata. Santuri iliacha uwanja ikachukua sauti. Picha imeurudisha uwanja, lakini mara nyingi imeliacha jina.

Basi wanaojishughulisha na lugha wana kazi hapa, nayo haiwezi kungoja, kwani wazee wayajuao maneno hayo hawatudumii milele. Kila picha yafaa iandikiwe jina la ngoma kwa Kigogo, mahali, sababu ya kuchezwa, na maneno yaliyoimbwa pamoja na maana yake kwa Kiswahili. Tena wenye nyimbo za jando waulizwe kwanza kama waridhia zionyeshwe.