Muhogo, boga na siri ya vyumba vya molekuli

MUHOGO wa kuchoma, uliopasuliwa na kutiwa chumvi, pilipili na ndimu, si kitu kigeni kwa mkazi wa Mtopanga wala wa mtaa mwingine wowote wa Kisauni, Mombasa. Lakini ndani ya mmea huo kuna ustadi ambao wanakemia wamekuwa wakijitahidi kuuiga kwa miongo kadhaa: kuharakisha mabadiliko ya kemikali kwa kuyafungia ndani ya vyumba vidogo mno vilivyomo majini.

Seli za muhogo huhifadhi kemikali iitwayo linamarini. Mbali nayo, katika kuta za seli, hukaa kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Muhogo ukikunwa au kupondwa, viwili hivyo hukutana. Linamarini huingia katika kishimo cha kimeng'enya hicho kama ufunguo katika kufuli, na huvunjwa upesi. Hutoka sukari, pamoja na kemikali nyingine ambayo nayo huachilia sianidi, sumu inayopaa hewani.

Ndiyo sababu wazee walisisitiza muhogo mchungu ukunwe, urowekwe na kuanikwa. Kazi hiyo ikifanywa kwa pupa, na chakula kingine kikiwa hakuna, madhara huwa makubwa. Ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu, ulizuka Tarime, Tanzania, mwaka 1985 kwa sababu hiyo.

Kwa nini chumba huharakisha kazi? Watu wawili wanaotafutana katika soko la Kongowea huweza kupishana kutwa nzima. Wakiingizwa katika chumba kimoja, hawana budi kuonana. Molekuli ni vivyo hivyo. Aidha, zile zenye asili ya mafuta huyakimbia maji na kujificha chumbani, na kuta huzilazimisha kukaa katika mkao unaofaa.

Chumba cha kwanza kutumiwa sana kilitokana na wanga, ule ule uliojaa katika muhogo. Mwaka 1891, Mfaransa Antoine Villiers alipata kutokana na wanga fuwele ambazo leo huitwa saiklodekstrini. Ni pete za glukosi zenye umbo la ndoo isiyo na kitako: nje hupatana na maji, ndani huyakwepa.

Mwaka 1980, Darryl Rideout na Ronald Breslow wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walionyesha kwamba aina moja mashuhuri ya kuunganisha molekuli huenda kasi zaidi majini kuliko katika viyeyushi vya petroli. Walipotia pete hizo za wanga, kasi iliongezeka tena.

Chumba kingine kimepewa jina la jamii ya maboga, kwa kuwa umbo lake lafanana na boga lililotolewa kokwa: kukabiturili. Mjerumani Robert Behrend alikitengeneza mwaka 1905, lakini umbo lake halikujulikana hadi mwaka 1981. Miaka miwili baadaye, William Mock aliripoti kwamba molekuli mbili zilizofungiwa humo ziliungana kwa kasi ya takriban mara 55,000.

Kuna kikwazo kimoja. Mara nyingi kitu kilichoundwa hukataa kutoka, na chumba kikabaki kimejaa. Mwaka 2016, kundi la Michael Ward wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, liliripoti chumba cha mchemraba chenye madini ya kobalti katika pembe zake nane. Kiliharakisha mabadiliko mara 200,000 majini. Kilichoundwa humo kilipenda maji, kwa hiyo kilitoka chenyewe na kumpisha mgeni mwingine.

Manufaa yanayotarajiwa si madogo. Viyeyushi vingi vya viwandani hushika moto kwa urahisi au ni sumu. Kemia inayofanyika majini ingepunguza haja ya kuvitumia.

Hata hivyo, vyumba vingi vya aina hii vingali katika maabara, na kwa jumla vimeng'enya bado huvishinda. Kimeng'enya cha muhogo, kwa upande wake, hakidai maabara: chahitaji tu kukunwa, maji na subira ya mpishi.