Mzamiaji Chini ya Kanisa Kuu
Simulizi ya kweli – Sehemu ya 2

ILIPOISHIA: Mwaka 1905, nyufa zilizidi kupanuka katika kuta za mashariki za Kanisa Kuu la Winchester, kusini mwa Uingereza. Msanifu majengo Thomas Jackson alichimba kando ya ukuta, akakuta kwamba umekalia magogo yaliyolazwa juu ya ardhi ya majimaji. Akamwita mhandisi Francis Fox. Wachimbaji wakashuka hadi kwenye tabaka la mboji nyeusi, wakalitoboa ili wafikie ardhi ngumu. Mara maji yakafoka kutoka chini...

SASA ENDELEA...

Shimo lilijaa maji. Hakuna kibarua ambaye angeweza kubaki humo na koleo lake.

Jambo la kwanza linalomjia mtu akilini ni kuyavuta maji hayo kwa pampu. Lakini Fox aliiona hatari. Maji yale yangetoka na mchanga na udongo laini uliolala chini ya kuta. Kadiri ambavyo pampu ingevuta, ndivyo ardhi iliyobeba kanisa ingezidi kuwa tupu. Kulikausha shimo kulikuwa sawa na kuliangusha kanisa lenyewe.

Na kanisa hilo halikuwa rundo la mawe tu. Askofu Walkelin alianza kulijenga mwaka 1079. Lina urefu wa karibu mita 170, na kati ya makanisa makuu ya zama za kati yanayosimama hadi leo barani Ulaya hakuna lililo refu kulishinda. Ndani yake mna masanduku ya mifupa ya wafalme wa kale. Mwandishi Jane Austen alizikwa humo mwaka 1817. Upande wa mashariki, ule ule uliokuwa ukizama, ulijengwa na Askofu Godfrey de Lucy mwanzoni mwa karne ya 13 ili kuwapa nafasi mahujaji waliofika kwa Mtakatifu Swithun. Mafundi wake waliifikia ardhi yenye maji wakalaza magogo kama jamvi, kisha wakapandisha kuta juu yake. Kwa miaka 700 jamvi hilo lilibeba uzito usiosemeka. Sasa lilikuwa limechoka.

Mihimili ya mbao ilisimamishwa kuzitegemeza kuta zilizoinama kwa nje. Saruji ya majimaji ilisukumwa kwa mashine ndani ya nyufa. Yote hayo yalinunua muda tu. Ugonjwa ulikuwa chini ya maji, na mganga alipaswa kushuka huko huko.

Ndipo Fox akatoa shauri ambalo huenda halikuwahi kutolewa kwa ajili ya kanisa lolote: aletwe mzamiaji.

Mwaka 1906 akafika William Walker, mzaliwa wa mwaka 1869, mzamiaji mzoefu wa kampuni ya Siebe Gorman. Alizoea kazi za bandarini na baharini. Safari hii aliletwa mjini, mbali na pwani, akaonyeshwa shimo jembamba lililochimbwa kando ya ukuta wa kanisa, katikati ya makaburi ya karne nyingi.

Wasaidizi wakamvisha. Vazi zito la kuzuia maji, viatu vyenye soli za risasi, vipande vya risasi kifuani na mgongoni, na kofia ya shaba yenye vioo. Mzigo wote ulikaribia kilo 90. Juu ya shimo, watu walizungusha pampu ya mkono iliyompelekea hewa kupitia mpira mrefu. Pampu hiyo ikisimama, pumzi yake nayo imesimama.

Walker akashuka.

Kina cha mashimo yale kilifikia mita 6, na maji yalikuwa meusi kwa mboji na tope. Taa isingemfaa kitu. Ndani ya giza hilo vioo vya kofia havikuwa na kazi; macho yake yakawa vidole vyake. Alipapasa, akachimbua mboji iliyobaki, akaijaza kwenye vyombo ipandishwe juu. Juu ya kichwa chake ulisimama ukuta uliopasuka, na yeye ndiye aliyekuwa akiondoa kile kilichouzuia usishuke.

Kwa sababu hiyo walichimba kipande kwa kipande. Shimo moja dogo, lizibwe, ndipo lifuate jingine. Kufungua sehemu pana kwa pamoja kungeuacha ukuta ukining'inia hewani.

Hatimaye vidole vyake viligusa changarawe. Ardhi ngumu! Akaisawazisha kwa mikono. Kisha mifuko ya zege ikaanza kushushwa. Aliipokea gizani, akaipanga mmoja ubavuni mwa mwingine, akaipasua kwa kisu ili zege lishikamane liwe kitu kimoja. Juu ya tabaka hilo akaweka jingine, na jingine tena.

Ilipofika saa ya chakula, alivuliwa kofia tu. Kulivua vazi zima na kulivaa upya kungekula muda mwingi mno. Aliketi na vazi lake lililolowa, akala, akavuta kiko chake, kisha akafunikwa tena na kurudi gizani. Askofu na wafalme wameandikwa kwenye mawe ya kanisa hili. Mimi nasema heshima ile ile inamstahili kibarua huyu, maana bila mikono yake mawe hayo yasingekuwa na mahali pa kusimama.

Zege likaachwa ligande. Sasa ulikuwa umefika wakati wa jaribio ambalo hakuna aliyeweza kuliepuka. Maji yaliyomo shimoni yalipaswa kutolewa ili waashi washuke kupanga matofali hadi yaguse ukuta wa kale. Zege likiwa limeziba vyema, sakafu ya shimo itabaki kavu. Likiwa na upenyo hata mdogo, maji yatafoka upya, na safari hii yatakuja na mchanga wa chini ya ukuta ambao tayari umechimbuliwa ubavuni.

Pampu ikaanza kunguruma. Maji yakashuka taratibu. Ukuta mweusi ukajitokeza, kisha magogo ya Godfrey de Lucy. Watu wakainama ukingoni, macho yote chini, wakiisubiri sakafu ya mifuko ambayo aliyeipanga mwenyewe hakuwahi kuiona.

Je, zege litahimili? Au Winchester itashuhudia kuta za mashariki zikifuata maji shimoni?

ITAENDELEA WIKIENDI IJAYO