Mafundisho ya Buddha na Majirani Zetu



Katika mazungumzo ya hapa Mashamba, dini ya Buddha hutajwa mara nyingi kwa dharau. Tangu mkataba wa mwaka 2008 kati ya nchi yetu na makampuni ya China, Wachina wengi wamekuja kufanya kazi katika migodi ya Kolwezi, na wapo wasemao: hao ni watu wa sanamu tu. Kwa kweli, Wachina wengi wa leo hujitambulisha kuwa hawana dini. Hata hivyo wametoka katika nchi ambamo mafundisho ya Buddha yamekaa karibu miaka 2,000. Kabla ya kuhukumu, inafaa tujue mafundisho hayo ni nini, na wanaoyafuata huishi namna gani.

Aliyeamka

Siddhartha Gautama alizaliwa Lumbini, katika nchi iitwayo leo Nepal, yapata karne ya 5 kabla ya Kristu. Mapokeo yasimulia kwamba alilelewa katika jumba la fahari, mbali na kila huzuni. Siku alipotoka nje aliona mzee, mgonjwa, maiti, na hatimaye mtawa mwenye utulivu. Akiwa na umri wa miaka 29 aliacha yote, akatafuta njia ya kushinda mateso. Alifunga kula hata akabaki mifupa. Kisha akatambua kwamba mwili uliodhoofishwa hauzai hekima. Akapokea chakula mkononi mwa mwanamke wa kijijini, akaketi chini ya mti wa jamii ya mkuyu huko Bodh Gaya, nchini India. Hapo, wasema wafuasi wake, alipata mwanga. Jina Buddha maana yake ni "aliyeamka".

Hakujitangaza kuwa Mungu. Alifundisha mambo manne: maisha yana mateso, chanzo cha mateso ni tamaa, tamaa ikizimika, mateso hukoma, na iko njia ya kufikia hapo, yenye sehemu nane, zikiwemo maneno ya haki, matendo ya haki na kazi ya haki. Aliiita njia ya kati, kwa kuwa inakwepa anasa upande mmoja na kujitesa upande wa pili.

Katika maisha ya kila siku

Mbuddha wa kawaida si mtawa wa mlimani. Ni mama wa sokoni, fundi, mwalimu. Yeye hushika maagizo matano: asiue kiumbe hai, asichukue asichopewa, asizini, asiseme uongo, asitumie vileo vinavyopoteza akili. Huwapa watawa chakula, naye hujizoeza ukarimu kwa kutoa huko. Huketi kimya na kuifuata pumzi yake, ili aione hasira inapoanza, kabla haijafika ulimini. Huwatakia heri watu wote, hata adui. Tena kazi yake lazima iwe safi: mapokeo yao yakataza biashara ya silaha, ya wanadamu, ya nyama, ya vileo na ya sumu.

Walivyofika Afrika ya Mashariki

Mafundisho hayo yalifika pwani yetu pamoja na wafanyakazi. Mwanzoni mwa karne ya 20, Wasinhala kutoka kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka, walikuja Dar es Salaam kutafuta riziki. Waliunda chama chao, na tangu miaka ya 1920 wana hekalu lao katika jiji hilo, lihesabiwalo kuwa miongoni mwa mahekalu ya kwanza ya Kibuddha barani Afrika. Walikuwa wageni wachache wa kazi, kama babu zetu wengi walioitwa kutoka mbali kuja migodini Katanga, na kama wao walitaka mahali pa kusali na kuwakumbuka wafu wao.

Historia ya Uganda ni tofauti, nayo yatugusa karibu zaidi. Kijana mmoja wa familia ya Kikatoliki alikwenda India mwaka 1990 kwa masomo, akafahamiana na watawa wa Kibuddha. Mwaka 2002 alipokelewa utawa nchini Marekani, akaitwa Buddharakkhita, na mwaka 2005 alianzisha kituo cha Kibuddha karibu na Entebbe. Ndugu huyo si Mchina wala Mhindi. Ni Mwafrika aliyelelewa katika Kanisa letu. Mkikutana na mtu kama yeye, mtamwambia nini? Dharau haitamjibu.

Kanisa na Buddha

Kwa karne nyingi Wakristu wa Ulaya walimheshimu mtakatifu Yosafati, mwana wa mfalme wa India aliyefungiwa jumbani asione uzee wala kifo, hata mtawa Barlaam alipomfundisha Injili. Sikukuu yao iliwekwa tarehe 27 Novemba. Katika karne ya 19 wataalamu walitambua kwamba masimulizi hayo yametoka katika maisha ya Buddha, yakipita mikononi mwa Waarabu, Wageorgia na Wagiriki. Hata jina Yosafati ni neno la Kihindi "bodhisattva" lililobadilika njiani. Basi Wakristu walivutwa na uzuri wa maisha hayo bila kujua yalikotoka.

Tarehe 28 Oktoba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitamka waziwazi, katika tamko la Nostra Aetate, kwamba Kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini hizo. Tofauti zabaki, wala tusizifiche. Sisi twamkiri Mungu Muumba na Mwokozi atushikaye mkono. Buddha alifundisha mtu atembee njia kwa juhudi yake. Twangojea ufufuko, wao hutazamia tamaa izimike kama mwali wa taa.

Fundisho kwa Mashamba

Neno tamaa twalijua vema hapa. Limewatoa watoto shuleni na kuwashusha mashimoni. Limegawanya ndugu kwa ajili ya mfuko wa kobalti. Lakini tuwe waangalifu. Mama aoshaye mawe ili watoto wale jioni hana tamaa, ana njaa. Buddha mwenyewe alikula kwanza, kisha akafundisha. Anayemhubiria mwenye njaa aache tamaa, na asimguse mwenye shibe asiyetosheka, amegeuza fundisho kichwa chini. Swali la tamaa lianzie kwa yule aliyekwisha kupata: simu ya pili, pombe ya kila jioni, bei ya hila kwenye mzani. Na Bwana Yesu alimwuliza swali hilohilo kijana tajiri.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, ni kipi katika maagizo matano ambacho sisi pia twakijua kutoka Amri za Mungu?
2. Katika kazi na biashara za mji wetu, ni zipi zinazomdhuru jirani, ingawa zinaleta faida?
3. Njaa inaishia wapi, na tamaa inaanzia wapi, katika maisha yako mwenyewe?