Daftari la wagonjwa lafichua yanayowasibu waliopona TTP

Daktari anaweza kutibu watu kwa miaka mingi bila ya kukutana na mgonjwa hata mmoja wa TTP. Katika maradhi haya adimu, kinga ya mwili hugeuka na kukishambulia kimeng'enya cha damu kiitwacho ADAMTS13. Kimeng'enya hicho kikipungua mno, chembe sahani, ambazo kazi yake ni kuziba majeraha, hugandamana ndani ya mishipa midogo na kuizuia damu isifike vyema kwenye ubongo, moyo na figo.

Maradhi hayo yalielezwa kwa mara ya kwanza na daktari Eli Moschcowitz wa New York mwaka 1924. Bila ya tiba, takribani wagonjwa 9 kati ya 10 hufariki dunia. Mwaka 1991, utafiti wa Kanada ulithibitisha kwamba kuondoa utegili wa mgonjwa, yaani majimaji ya damu, na kumwekea wa watu wengine huwaokoa walio wengi.

Lakini waliookoka waliendeleaje baadaye? Jibu lilitoka katika jimbo la Oklahoma, Marekani, ambako daftari la wagonjwa lilianzishwa mwaka 1989. Katika sehemu kubwa ya jimbo hilo, tiba ya utegili ilitolewa na benki moja tu ya damu. Kwa hiyo kila aliyeombewa tiba hiyo aliweza kuandikishwa, awe mahututi au mwenye nafuu, na waliopona wakafuatiliwa kwa miaka mingi.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba shinikizo la damu na sonona viliwapata waliopona zaidi kuliko ilivyotarajiwa, na vifo miongoni mwao vilikuwa vingi zaidi. Wengine walipungukiwa na kumbukumbu. Tangu hapo ilidhihirika kwamba mgonjwa aliyeruhusiwa kurudi nyumbani bado anahitaji kupimwa mara kwa mara.

Nguvu ya daftari ni kutomwacha mtu nje. Likiwaandika tu wale ambao hali zao zilikuwa za kushangaza, picha ya maradhi hupotoka. Hata hivyo, daftari peke yake halitoshi kuthibitisha kuwa dawa moja ni bora kuliko nyingine. Kwa hilo hufanywa majaribio maalumu ya tiba.