Sinia la Mogadishu, Karai la Kiritiri

Katika karamu moja ya mahari nje kidogo ya Kiritiri, huku kwetu Mbeere, Kenya, kijana mpishi alituletea chakula ambacho wengi wetu hatukuwahi kukiona. Alikuwa ameponda ndizi zilizoiva hadi ganda likawa jeusi, akachanganya na unga, kitunguu, tangawizi na pilipili, akakaanga kijiko kwa kijiko kwenye karai. Kando aliweka bakuli la mchuzi mzito wa nyanya wa kuchovya. Alisema ni tatale, chakula cha Ghana. Mzee aliyeketi karibu nami alionja, akachukua cha pili, kisha akakata shauri: "Ni kitamu, lakini si chetu. Sisi ndizi tunaichemsha na kuiponda. Kula ndizi na pilipili ni mambo ya Afrika Magharibi."

Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi, hata kwa watu waliosoma. Hapa nayajibu kwa heshima, kwa kuwa yanafunga pamoja vitu vitatu ambavyo kila kimoja kilikuja kwa njia yake: ndizi, mafuta na ukali wa mchuzi.

Kwamba ndizi si mmea wa asili ya Afrika hakuna anayebisha. Ilianza kulimwa New Guinea na visiwa vya Asia ya Kusini-mashariki. Ubishi ni kuhusu lini ilifika huku, na hapo Afrika Magharibi na ya Kati ndizo zenye ushahidi uliozua kelele nyingi zaidi. Huko Nkang, Kamerun, watafiti walichimba mashimo ya taka ya kale na kupata fitolithi za ndizi, yaani punje ndogo sana za silika ambazo hubaki udongoni jani likishaoza. Wakakadiria umri wake kuwa miaka 2,500 hivi. Mwanahistoria Jan Vansina aliandika mwaka 2003 kwamba jambo hilo halijathibitishwa. Mimi naona Nkang inastahili kusikilizwa, maana aina za ndizi ya mkono wa tembo zilizoko kwenye misitu ile ni nyingi mno, na wingi wa namna hiyo huhitaji karne nyingi za wakulima kuchagua machipukizi. Dai la Munsa, Uganda, la zaidi ya miaka 5,000, limetiliwa shaka na wengi, nami naliacha. Lakini tazama ramani. Mmea uliotoka Asia, njia yake iliyo nyepesi kuiamini ni kupitia pwani yetu. Kadiri Nkang inavyozeeka, ndivyo na sisi tunavyozeeka nayo.

Sasa nije kwenye ushahidi ninaoupenda kuliko wote, ambao wapishi wetu wameusahau. Msafiri Mwarabu Al-Masudi, aliyefika nchi ya Zanj, yaani pwani hii ya Afrika Mashariki, mwaka 916, alitaja wingi wa ndizi huku. Ila aliyetuonyesha ndizi ikiwa mezani ni msafiri wa Moroko, Ibn Battuta. Mwaka 1331 alishuka Mogadishu, akakirimiwa kama mgeni wa sultani. Aliletewa wali uliopikwa kwa samli katika sinia kubwa la mbao, juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Chombo kingine kilikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa katika maziwa mapya. Chombo cha tatu kilikuwa na maziwa ya mgando, na juu yake malimau ya achari, vishada vya pilipili vilivyotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Kisha alisafiri hadi Mombasa, akalala usiku mmoja, na akasema kwamba chakula kikuu cha watu wa kisiwa kile ni ndizi na samaki. Masimulizi yake yaliandikwa na Ibn Juzayy, yakakamilika mjini Fez mwaka 1355.

Ni kweli kwamba, kwa maelezo yake, achari ile ililiwa kwa tonge la wali. Hata hivyo, meza ni moja na mlaji ni mmoja. Ndizi ya kupikwa, maziwa ya mgando, uchachu wa limau na ukali wa pilipili vilikuwa mbele ya mtu mmoja pwani ya Afrika Mashariki karibu miaka 700 iliyopita. Na pilipili ile haikuwa hii ya leo ya kuwasha. Hii, pamoja na nyanya na karanga, ni mimea ya Amerika iliyovuka bahari baada ya 1492. Kwa hiyo mchuzi wa nyanya na pilipili tunaoambiwa ni wa asili ya Afrika Magharibi hauwezi kuwa na umri wa zaidi ya miaka 500 na ushei, hata huko Accra.

Mafuta ndiyo haki ya Afrika Magharibi, wala sitawanyang'anya. Mchikichi ni mti wao wa asili, na mafuta yake mekundu ndiyo yaliyoifanya tatale kuwa tatale. Huku kwetu bara jiko lilikuwa la chungu na makaa: kuchemsha, kuponda, kuchoma. Lakini Waganda wana kabalagala, ndizi ndogo zilizoiva kupita kiasi, zikakandwa na unga wa muhogo na kukaangwa. Ni ndugu wa tatale kwa kila hali, na hakuna anayewaambia Waganda kwamba wamekopa Ghana.

Na Mbeere? Wapo watakaonikumbusha simulizi ya Wameru kwamba walihama kutoka Mbwaa, huko pwani, ili ndizi itoke pwani mabegani mwa mababu. Sitaitegemea. Mvua inaeleza zaidi. Kiritiri ni nchi ya mtama, mwele, kunde na ndengu. Mgomba hapa hustawi penye maji tu, na ndizi nyingi za sokoni hushuka kutoka Embu ya juu na Meru, kama zamani mbuzi na asali zilivyopanda na chakula cha mlimani kikashuka. Miongoni mwa ndizi hizo imo Muraru, ya kundi la akina Mchare wa Kilimanjaro. Wanasayansi wa chembe za urithi wamegundua kwamba ndizi ya Cavendish inayouzwa dunia nzima ilirithi sehemu kubwa ya asili yake kwa jamaa wa kundi hilo.

Kuhusu uchachu, Mbeere haina haja ya kukopa. Muthithi, yaani mkwaju, humea wenyewe mabondeni mwetu, na mama zetu walitia maji yake kwenye uji. Wiki mbili baada ya karamu ile nililoweka ukwaju katika maji ya vuguvugu, nikaukamua kwa vidole hadi kokwa zikabaki tupu, nikachuja, nikatia chumvi, kitunguu na pilipili iliyotwangwa. Nilikaanga ndizi kama kijana yule alivyofanya, nikampelekea mzee. Alichovya, akakaa kimya kidogo, halafu akaniuliza ukwaju huo niliuokota chini ya mti upi.